Vumbi la Fundi Munene

Kui alikuwa na adui mmoja tu, na huyo mmoja alimtosha. Wenzake walitafuta maadui kazini, kanisani na kwa wakwe. Yeye wake alimpata ng'ambo ya ukuta wa mabati, akipiga randa tangu asubuhi hadi adhana ya magharibi. Jina lake Munene. Alitengeneza vitanda na kabati za kupeleka soko la Gikomba, na kila mbao aliyoikata ilimwaga unga ambao, kwa imani ya Kui, ulikuwa na safari moja tu: kupenya mabati na kuingia ndani ya kompyuta yake.

Ilikuwa kompyuta moja, na ndiyo iliyomlisha. Zamani chumba kile cha Shauri Moyo kilikuwa na tatu, zimepangwa ukutani chini ya kibao cha KUI CYBER, na wateja walisubiri zamu kwenye benchi la nje. Moja ilikufa, ikafuata ya pili, zote kwa ugonjwa ule ule: zilishikwa na joto, zikazima, zikawaka, zikazima tena, hadi siku ziliposhindwa kuwaka kabisa. Sasa ilibaki ile kongwe aliyoachiwa na wakili wa mjini, ambaye Kui alimpigia chapa hadi wakili huyo alipofunga ofisi. Kwa kompyuta hiyo Kui aliwajazia watu fomu za ushuru, akawaandikia barua za kuomba kazi na kuwapangia programu za mazishi, zile karatasi za ratiba na majina ya wafiwa. Ikifa hiyo, saiba imekufa. Hilo alilijua akilala na akiamka.

Alizaliwa mtaa wa Ziwani, katika nyumba ambamo hakuna kitu kilichokaa uchi. Mama yake alifuma vitambaa vya kila kitu: vya migongo ya viti, vya redio, vya chupa ya chai, hata televisheni iliyokwisha kuharibika ilivaa chake siku ya Jumapili. Nyumba isiyo na vitambaa, mama alikuwa akisema, ni ya wanaume wanaoishi kama wapita njia. Kui alirithi sindano ya kufumia na ulimi wa mama yake, vyote viwili vikiwa vikali. Pale saiba, mteja akitoka na kabla mwingine hajaingia, alivuta kikapu cha nyuzi kilichokaa miguuni pake, akafuma. Skrini ilikuwa na kitambaa chake, printa chake, na lile kasha la chini ambalo mtaa mzima huliita CPU lilikuwa na kikubwa kuliko vyote, kilichofunika juu, mbele na nyuma hadi chini, chenye nakshi za maua. Tangu Pasaka alikuwa amebadilisha seti nzima. Vile vyeupe vilikuwa vimechujuka, akafuma vipya vya uzi wa sufi wa rangi ya machungwa, na hakuna mteja aliyeingia asivisifu.

Binti yake Shiku, aliyekuwa akisoma chuo Thika, hakuvisifu. Alikuja likizo, akaketi, akagusa kasha, akarudisha mkono haraka.

"Mum, hii kitu inachomeka. Toa hicho kitambaa. Inapumulia hapa nyuma na wewe umeifunika kama mgonjwa."

"Nimeifunika juu ya vumbi ya huyo mtu. Nikiitoa itakula mbao asubuhi mpaka jioni."

"Lakini Mum..."

"Shiku, hiyo mashine imekulea. Usinifundishe kuivalisha."

Shiku akainuka na kutoka nje, maana alimjua mama yake.

Uadui wenyewe ulianza kwa jambo dogo, na Kui hakuwahi kudai kwamba lilikuwa kubwa. Wiki ya kwanza ya Munene pale, aliingiza kichwa mlangoni kuazima kiti, akaona benchi limejaa watu wanaosubiri, akacheka. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba kweli Nairobi kuna bahati, yeye anatoka jasho kwa msumeno na mwingine anakula kwa kubonyeza-bonyeza. Watu wa benchini walicheka pamoja naye. Kui alitabasamu, akampa kiti, na tangu saa ile hakumsamehe. Alikuwa amebonyeza tangu usichana wake, mgongo umepinda na macho yamechoka, na hapa mtu wa randa anamfanya kichekesho mbele ya wateja wake.

Kwa hiyo vumbi lilipoanza kuua kompyuta, hakuwa na haja ya kutafuta mwenye kosa. Alikuwa naye tayari.

Kila Jumamosi jioni, saiba ikishafungwa, Kui alilitoa kasha nje na kuliweka juu ya kigoda. Alifungua skrubu kwa bisibisi, akavuta ubavu wa bati, akatandaza gazeti kuukuu chini. Kazi hiyo aliijua. Feni aliizuia kwa kidole isizunguke, akapitisha brashi ya rangi katikati ya mapanga yake, kisha akapuliza kila pembe kwa pampu ya baiskeli. Mashine ya kujaza upepo ya mtengeneza magurudumu wa mtaani hakuitaka hata kuisikia, kwani iliwahi kutema maji kwenye kompyuta ya mtu na kuiua papo hapo. Alisafisha kwa uangalifu, lakini hakuwa akilitazama vumbi. Alikuwa akilipima. Likiwa jingi alisonya, likiwa kidogo alisonya vilevile. Halafu alikunja gazeti, akatembea hadi mlango wa pili, akalimwaga lote kizingitini kwa Munene.

"Chukua mali yako," alikuwa akisema.

Munene alilifagia. Jumamosi nyingine alifagia kimya, nyingine alijibu, "Madam Cyber, hiyo si ya kwangu, angalia vizuri," na kumrudishia nusu yake kwa ufagio. Yeye naye hakuwa malaika. Alijua kupiga misumari wakati mteja wa Kui yuko kwenye simu, na alijua kuegemeza mbao ndefu mahali ambapo zingefunika kile kibao cha KUI CYBER. Lakini vumbi lilimkera hata yeye. Alipigilia magunia kwenye ukuta wote wa mabati, upande wake, kisha akahamisha msumeno nyuma ya nyumba, kwenye uwazi usio na paa. Mvua ikinyesha alisimamisha kazi. Kui aliyaona yote hayo na kusema kwamba mtu hajifichi kama hana hatia.

Siku mambo yalipofika shingoni, Kui alikuwa akimpangia mjane mmoja programu ya mazishi ya mumewe. Mama wa watu alikuwa ameketi kando yake, akimsomea majina ya watoto kutoka kwenye simu, akikwama, akijifuta macho, akiendelea. Walikuwa wamefika kwa wajukuu kompyuta ilipozima. Kui aliiwasha. Ikakaa kidogo, ikazima. Akaiwasha tena, ikavuma, ikazima, na ukurasa wote ukapotea. Yule mjane hakulalamika. Alisema tu kwamba angejaribu saiba ya kule mbele, akachukua simu yake na kutoka.

Kui alibaki akitazama kioo cheusi. Kisha akasikia, upande wa pili, Munene akiimba.

Alitoka na ndoo ya maji ya kupigia deki. Mlangoni kwa Munene palisimama kitanda kipya, kimepakwa vanishi asubuhi ile, kinangoja gari la mteja. Kui akakimwagia ndoo nzima, maji machafu na matambara yake, mbele ya watu waliokuwa wakipita kwenda sokoni.

"Wewe umeniua," alisema. "Mashine mbili umeua, na hii ya mwisho unaiua nikiona. Utahama hapa ama nitakuhamisha."

Munene alitazama kitanda, vanishi ikifanya malengelenge. Hakumgusa. Alitoa simu akampigia mwenye vyumba, na Kui akasimama pale pale kusikiliza, maana hicho ndicho alichokuwa akikitaka.

Mwenye vyumba alikuwa Batulo, mfanyabiashara wa vitambaa vya jumla huko Eastleigh, mwanamke wa maneno machache ambaye alikuja Shauri Moyo pale tu alipolazimika. Alifika saa ya alasiri, mkufu wa funguo mkononi, akawasikiliza wote wawili akiwa amesimama.

"Mama Ayanle," Kui alimwambia Batulo, "mimi ni mpangaji wako tangu hii laini ya vyumba ijengwe. Nimewahi kukusumbua? Huyu fundi anamaliza kazi yangu na hiyo vumbi yake ya mbao."

"Na mimi nasema si ya mbao," alisema Munene. "Nimeweka gunia. Nimeenda kukatia nyuma. Nitafanya nini tena, nikatie hewani?"

Batulo aliinua mkono. "Mimi nimechoka na nyinyi. Kila mwezi simu, kila mwezi kelele. Kesho nikitoka kuswali adhuhuri nitakuja hapa. Mama Shiku, utafungua hiyo mashine mbele ya macho yangu. Ndani kukiwa na mbao, fundi atahama. Kusipokuwa na mbao, wewe utahama. Nani hataki?"

Munene alisema anataka. Kui alisema hata sasa hivi anataka, lakini Batulo alikuwa ameacha duka na wateja, akaondoka.

Jioni ile Kui alifurahi kuliko alivyofurahi kwa muda mrefu. Tangu Pasaka hakuwa ameifungua kompyuta kuisafisha hata mara moja. Alikuwa na harusi ya mpwa wake Murang'a, halafu na homa, Jumamosi zikampita. Kwa hiyo alijua kwamba ndani mna ushahidi wa kutosha. Munene alikuwa ameshafunga na kwenda zake. Kui aliona si vibaya kuchungulia mapema, aone jinsi mambo yatakavyoonekana kesho. Alilitoa kasha, akaondoa kile kitambaa, akafungua skrubu, akavuta ubavu wa bati.

Ndani kulikuwa na rangi ya machungwa.

Haikuwa hapa na pale. Feni ilikuwa imevaa koti la manyoya ya machungwa, mapanga hayakuonekana. Kile kipande cha chuma kinachopozwa na feni kilikuwa kimezibwa kwa blanketi nene la sufi, lililoshikana kiasi kwamba Kui alilishika kwa kucha na likatoka zima, kama kitambaa kingine kidogo kilichojifuma chenyewe humo gizani. Chini yake palikuwa na tabaka jingine, la zamani, jeupe lililochujuka. Alilitambua. Alikuwa amelifuma kwa mikono yake, miaka yote ile, ameketi kando ya kasha na kikapu miguuni, akikata nyuzi kwa mkasi na kupangusa sketi yake.

Aliketi chini. Alitafuta unga wa mbao kwa bidii kuliko alivyowahi kutafuta kitu chochote. Alipekua pembe kwa pembe, akawasha tochi ya simu, akalamba kidole na kukipitisha chini kabisa. Hakupata.

Mtu mwema angeona aibu kwanza, na baadaye angewaza mengine. Kui aliona aibu, ndiyo, masikio yakawaka moto ingawa alikuwa peke yake pale nje. Lakini chini ya aibu palikuwa na kitu kikubwa zaidi, nacho kilikuwa ni chuki. Alimchukia Munene siku ile kuliko siku zote, kwa sababu sasa hakuwa na kosa. Alimwona kesho akisimama na kofia yake ya kiwandani, akicheka kama alivyocheka siku ya kiti, na benchi zima likicheka naye. Akajiona yeye mwenyewe akipakia mkokoteni, akienda kutafuta chumba mtaa wa Lucky Summer kwa watu wasiomjua, akianza kuelezea upya kwamba yeye hujaza ushuru na hupanga programu, umri wake ule.

Mlangoni kwa Munene gunia lilikuwa limeegemea ukuta kama kawaida. Munene alilijaza takataka za mbao na kuwawekea kina mama wafuga kuku. Kui alilitazama gunia, akatazama barabara. Kisha akafanya haraka.

Kwanza alisafisha. Alisafisha sufi yote, uzi kwa uzi, kwa brashi na pampu, hadi feni ikawa nyeusi tena na kile chuma kikang'aa. Kompyuta ile haikuwahi kuwa safi namna ile tangu itoke kwa wakili. Halafu akachota konzi mbili kutoka gunia la Munene, akazinyunyiza juu ya feni na kuzikandamiza kwenye pembe, akafunga skrubu, akafunika kitambaa. Sufi aliitia katika mfuko akaenda nayo nyumbani. Alikula vizuri usiku ule, na hilo ndilo jambo ambalo baadaye lilimuuma.

Kesho yake adhuhuri laini nzima ilikuwa nje. Batulo alipewa kiti, akakataa. Munene alisimama na mikono mifukoni. Kui alifungua skrubu polepole, ya mwisho akaizungusha zaidi ya ilivyohitaji, akavuta ubavu wa bati na kurudi nyuma ili watu waone.

Unga wa mbao ulimwagika hadi kwenye gazeti.

"Ni hayo," alisema Kui. "Mimi sina maneno."

Minong'ono ikapita. Munene alichuchumaa, akauchukua kidogo kwa vidole, akaunusa. Aliposimama alikuwa amevua kofia. Hakuonekana kama mtu aliyeshikwa. Alionekana kama mtu aliyekosea bila kujua.

"Hii ni ya kwangu," alisema. "Ni mvule. Siwezi kukataa. Sijui imepitia wapi na yale magunia, lakini ni ya kwangu." Akamgeukia Kui. "Basi Mama Shiku, nilikuwa nakuona mwongo. Nitahama."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita Mama Shiku. Ushindi ulikuwa umefika na hakujua auweke wapi, akainama kuokota bisibisi ambayo haikuwa imeanguka.

Batulo alikuwa ameinama pia. Kazi yake ilikuwa vitambaa, na vidole vyake vilizoea kutafuta ilipo dosari. Akatoa katikati ya feni kitu kimoja, akakiinua juu watu wakione. Kilikuwa ni kipande cha maranda, ule ukanda mwembamba wa mbao unaotoka kwenye randa ya fundi, umejikunja, mrefu kama kidole cha mtoto. Akalizungusha kasha, akatazama nyuma penye matundu ya kupitisha hewa, madogo kama punje za mtama. Akajaribu kuupitisha ule ukanda kwenye tundu moja. Ukakatika. Akajaribu mbele, kwenye mwanya wa pembeni, kwenye kila uwazi uliokuwapo. Hakuwa na haraka.

"Mama Shiku," alisema, "hii iliingia kwa mlango gani?"

Batulo akaokota kile kitambaa kilichokuwa kimewekwa kando, akakikung'uta mara moja, na vumbi la machungwa likaruka na kumng'ang'ania kwenye mkono wa abaya nyeusi. Alilitazama hilo pia.

Munene alitembea hadi kwenye gunia lake. Lilikuwa na shimo juu, lenye ukubwa wa mkono wa mwanamke. Alirudi taratibu. Watu walimpisha, wakidhani atampiga.

"Umechota kwa gunia langu," alisema.

Kui alianza kurudisha skrubu.

"Mimi nakatia nyuma miaka yote hii juu yako. Mvua inanyeshea mbao, jua inazipasua. Nimepoteza wateja nikisema wacha nikae na jirani vizuri." Akaelekeza kidole kwenye sufi iliyomganda Batulo mkononi. "Kumbe ilikuwa uzi. Si ungekuja tu uniambie ni uzi? Ningecheka, ungenitusi, ingeisha hapo."

Neno la samahani lilimpanda Kui hadi kooni. Alilisikia kabisa, na lilikuwa dogo. Lakini Munene alikuwa amesema angecheka, na hilo cheko hata kabla halijachekwa lilimchoma palepale pa zamani.

"Ungecheka," alisema. "Hiyo ndiyo kazi yako."

Batulo alipangusa mkono wa abaya yake. "Vumbi ningesamehe," alisema. "Kila mtu ana vumbi. Hii, hapana. Mwezi ukiisha, funguo nitazitaka."

Siku ya kuhama mkokoteni ulikuja asubuhi. Kui alifungasha benchi, meza, printa na kibao chake. Hakuna jirani aliyekuja kumsaidia, na hakumwomba hata mmoja. Ng'ambo ya mabati Munene alikuwa kazini. Alikuwa amebandua magunia yote ukutani na kurudisha msumeno ndani, chini ya paa, na sasa alikata bila kusita, mbao baada ya mbao. Unga wake ulipita kwenye nyufa za mabati waziwazi, ukaelea kwenye mwanga wa mlango, ukatua juu ya sakafu tupu, juu ya meza, juu ya mabega ya Kui. Ulinukia utamu. Haukuwa na rangi ya machungwa hata kidogo.

Alimwacha mwenye mkokoteni angoje. Akarudi ndani, akalibeba lile kasha kwa mikono miwili na kuliweka juu ya mizigo. Kisha akatoa kitambaa kikapuni, akaifunika kompyuta yake vizuri, juu na mbele na nyuma, akachomeka pembe zote nne chini yake, isije ikaingia vumbi.